Kioo cha Kale cha Kifaransa: Maana Yake na Namna ya Kukichagua kwa Ajili ya Nyumba

Kioo cha kale cha Kifaransa ni kioo cha kujitazamia kilichotengenezwa Ufaransa na kupita umri wa miaka 100, ambao ndio mpaka unaofuatwa na wafanyabiashara wengi wa vitu vya kale. Kina sehemu tatu: bamba la kioo lenyewe, utando wa madini ulio mgongoni mwake unaorudisha taswira, na fremu ya mbao iliyochongwa au kupambwa kwa plasta na kufunikwa dhahabu. Wanunuzi wengi huanza na fremu na kuishia hapo hapo, kwa kuwa ndiyo inayong'aa, ilhali fremu ndiyo sehemu iliyo rahisi kuigwa kuliko zote. Ushahidi wa umri umo zaidi katika bamba na mgongo wake.

Jambo la kwanza la kutenganishwa ni umri na mtindo. Fremu yenye makombe na majani yaliyojipinda, upande mmoja usifanane na wa pili, ni ya mtindo wa Louis XV, mfalme aliyetawala kuanzia 1715 hadi 1774, lakini mafundi waliurudia mtindo huo katika karne ya 19 na viwanda vinaurudia hadi leo. Sheria ya Ufaransa yenyewe inatambua tofauti hii. Kwa mujibu wa amri ya serikali ya tarehe 3 Machi 1981 kuhusu uuzaji wa kazi za sanaa na vitu vya kale, muuzaji anayekitaja kitu kuwa ni cha "époque" (yaani kipindi) fulani anamdhamini mnunuzi kwamba kilitengenezwa katika kipindi hicho, ilhali anayekiita cha "style" (yaani mtindo) fulani hatoi dhamana yoyote ya tarehe. Kwa hiyo kioo cha mwaka 1880 chenye sura ya Louis XV ni cha kale kweli, ila si cha wakati wa Louis XV, na bei yake inapaswa kuonyesha hivyo. Kwa maoni yangu, mtu anayetafuta kioo cha kutumia nyumbani, si cha kuhifadhi kabatini kama hazina, hana sababu ya kukidharau kioo cha namna hiyo, kwa sababu mara nyingi bamba lake ni kubwa zaidi, ni safi zaidi, na linapatikana kwa bei anayoweza kuimudu.

Sababu ya bamba kuwa shahidi mzuri imo katika historia ya utengenezaji wake. Hadi katikati ya karne ya 17, vioo bora vya Ulaya vilitoka Murano, kisiwa cha Venisi, na siri ya kazi hiyo ililindwa kwa ukali. Mwaka 1665, Colbert, waziri wa Louis XIV, alianzisha kiwanda cha kifalme cha vioo na kuwavuta mafundi wa Murano waje kufanya kazi Ufaransa. Mabamba ya wakati huo yalipulizwa kwa pumzi ya binadamu, yakapasuliwa na kunyooshwa, na kwa hiyo ukubwa wake ulikuwa na kikomo. Ndiyo maana Ukumbi wa Vioo wa kasri la kifalme la Versailles, uliokamilika mwaka 1684, una matao 17 yaliyojazwa mabamba 357 yaliyopangwa bega kwa bega. Mwishoni mwa miaka ya 1680 Wafaransa walianza kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya meza ya metali na kukisawazisha kwa rola, na katika muongo uliofuata kazi hiyo ikastawi katika kijiji cha Saint-Gobain, huko Picardie. Hata baada ya hapo mabamba makubwa yaliendelea kuwa ghali mno, kiasi kwamba kioo kirefu cha karne ya 18 mara nyingi kina mabamba mawili yaliyounganishwa. Mstari wa kiungo unaoukata uso wa kioo huwafanya baadhi ya wanunuzi waombe bei ipunguzwe, ingawa kwa kioo kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1750, bamba moja refu lisilo na kiungo ndilo lingepaswa kuulizwa maswali.

Mgongo wa kioo unaeleza zaidi. Kwa karne kadhaa fundi alitandaza karatasi nyembamba ya madini ya bati juu ya meza ya jiwe, akaimwagia zebaki, akatelezesha bamba juu yake, kisha akaweka vizito na kuiacha zebaki iliyozidi ichuruzike kwa siku nyingi. Kazi hiyo iliwatia sumu waliokuwa wakiifanya. Mwaka 1835 mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alionyesha njia ya kupaka kioo fedha halisi kwa kutumia kemikali, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 fedha ikachukua nafasi ya zebaki hatua kwa hatua. Utando wa zebaki na bati una rangi ya kijivu yenye ubaridi fulani, na unapozeeka hutoa vidoadoa vinavyometameta kama chembe za chumvi. Utando wa fedha una taswira angavu na yenye joto zaidi. Ukiharibika huwa wa manjano au mweusi kuanzia kingoni, na nyuma yake kwa kawaida kuna rangi ya kinga, mara nyingi nyekundu au ya kahawia. Madoa yaliyotiwa kwa tindikali ili kukizeesha kioo kipya huelekea kutapakaa kwa usawa wa kutiliwa shaka, ilhali uchakavu wa kweli hufuata njia za unyevu na viungo vya mbao za mgongoni.

Vipimo vingine havihitaji maabara. Gusisha ncha ya kalamu kwenye kioo: nafasi kati ya ncha na taswira yake huonyesha unene wa bamba, na mabamba ya zamani mara nyingi ni membamba na yenye unene usiolingana. Pitisha kidole kwenye ukingo uliochongwa mteremko. Uliosagwa kwa mkono huwa wa kina kidogo sana, pengine usihisike vizuri. Kisha omba kioo kigeuzwe. Mbao za nyuma zinapaswa kuwa zimekauka na kufifia bila kulingana, zikiwa na alama za randa ya mkono. Kuhusu dhahabu, fundi wa zamani alipaka mbao plasta ya chaki na gundi ya ngozi, akafuata udongo laini mwekundu au wa manjano, akabandika karatasi nyembamba za dhahabu na kuzisugua kwa jiwe la akiki. Pale dhahabu ilipolika, wekundu ule huchungulia, na hilo ni jambo jema. Fremu iliyopigwa rangi ya unga wa shaba ya njano ili "kufanywa mpya" hugeuka ya kahawia iliyokufa, na kuirekebisha ni gharama kubwa.

Aina zinazokutana na wanunuzi mara nyingi si nyingi sana. "Trumeau" ni kioo kirefu chenye picha iliyochorwa au nakshi iliyochongwa juu yake, kilichotengenezwa kukaa kati ya madirisha mawili au juu ya meko ya ukutani. Kioo cha Louis-Philippe, kinachofuata jina la mfalme wa 1830 hadi 1848, kina pembe za juu zilizoviringwa, pembe za chini zilizonyooka, na maua madogo yaliyochorwa ndani ya dhahabu. Kwa nyumba za leo ndicho ninachokiona kuwa rahisi zaidi kukaa na vitu vingine, kwa sababu hakipigi kelele. Vya wakati wa Napoleon III, 1852 hadi 1870, huvaa taji zito la maua na makombe juu yake, na katika sebule yenye dari fupi taji hilo huonekana kana kwamba limebanwa.

Ukishaamini umri wake, uliza kioo kitatazama nini. Kikielekea dirisha kitaongeza mwanga wa chumba, na kikielekea mlango wa choo kitaongeza mlango wa choo. Bamba lililofifia linapendeza ukumbini na kwenye korido, lakini halimfai anayetaka kunyoa ndevu. Uzito nao si wa kupuuzwa: mita moja ya mraba ya kioo chenye unene wa milimita 4 ina kilo 10 kabla ya fremu, hivyo waya wa zamani na msumari mmoja havitoshi, na ni bora fremu ikalie ukingo au vishikizo vya chuma. Bafu na kuta zenye unyevu ni adui wa plasta, dhahabu na utando kwa pamoja, na mkazi wa Mombasa au Unguja anapaswa kukiweka mbali na upepo wa bahari, kwenye ukuta wa ndani.

Kuhusu ukarabati, kubandua utando wa zamani na kupaka mpya huondoa sehemu kubwa ya thamani ya kioo cha karne ya 18, hata kama taswira itakuwa safi. Ikiwa kuna tone la zebaki lililokusanyika chini ya fremu, usilifagie wala usilivute kwa mashine ya kunyonya vumbi. Chumba kipitishe hewa, na kazi aifanye fundi anayeyajua madini hayo. Kioo cha namna hiyo husafirishwa kikiwa kimesimama kama kilivyozoea kutundikwa, kwa kuwa kukigeuza juu chini huifanya zebaki iliyobaki itiririke upya kupitia utando. Na kabla ya kulipa, risiti iandikwe sentensi inayotaja kipindi, bamba kama ni la asili au limebadilishwa, na dhahabu kama imeguswa.