Farasi hafundishwi kwa kubanwa, bali kwa kuachiliwa

Wengi huamini kwamba farasi hutii kwa sababu amemtambua bwana wake, na kwamba anayekataa amri ni mkaidi wa kutiwa adabu kwa mjeledi. Si kweli, na imani hiyo imewaumiza farasi wengi mno.

Tazama mpandaji anapotaka farasi asimame. Anavuta hatamu, lijamu, yaani chuma cha mdomoni, inambana, farasi anasimama. Kilichomfundisha si kule kuvutwa, bali hatamu kulegezwa palepale miguu ilipotulia. Mpandaji akichelewa kidogo tu, farasi akarusha kichwa na ndipo akalegezewa, basi somo alilolipata ni kurusha kichwa. Asipolegezewa kabisa, huzoea kubanwa na kuacha kuitikia. Hapo ndipo anapoitwa mkaidi, ilhali kosa ni la mkono ulioshika hatamu.

Wala si kwamba hana akili. Huko Berlin, farasi aitwaye Hans alisifiwa kwa kujua hesabu, akigonga majibu kwa kwato. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans alikuwa akimsoma muulizaji, ambaye bila kujijua aliinua kichwa kidogo sana idadi ilipotimia. Muulizaji asiyejua jibu alipata jibu la kubahatisha. Kwangu mimi, uwezo huo unashangaza kuliko kujumlisha.

Mnyama mwepesi hivyo huona pia mabega yaliyokazwa kwa hasira. Afanyapo vizuri, mkune bila kuchelewa, pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo farasi wenyewe hukunana. Mapigo ya moyo wake hushuka.