Kiluwiluwi si mtoto mchanga

Juzi nimelisikia tena, safari hii kwenye mafunzo ya wanaopulizia dawa madimbwini: "Dawa inayotokana na bakteria inaua viluwiluwi wa mbu kwa sababu bado watoto, kinga yao haijakomaa." Nimechoka kulinyamazia.

Bti, ndiyo dawa hiyo, haipambani na kinga. Kiluwiluwi anaimeza, fuwele zake zinayeyuka, sumu inatoboa utumbo, kwisha. Anayekaribia kuwa pupa, hatua ya kati kabla ya kuwa mbu mzima, hunusurika kwa sababu ameacha kula.

Kinga yenyewe ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walilinganisha viluwiluwi na mbu wazima wa Anopheles gambiae, mbu anayeeneza malaria Afrika: viluwiluwi ndio waliowadhibiti bakteria vizuri zaidi. Na kwa nini isiwe hivyo? Huyu anaishi kwenye unyayo wa ng'ombe uliojaa maji ya kahawia, na bakteria ni chakula chake cha kila siku.

Hata vituo vya ulinzi vinahama. Moyo wa kiluwiluwi husukuma damu kuelekea kichwani tu, nayo huingia moyoni kupitia matundu ya karibu na mkia. Huko nyuma, kwenye vishada vya mirija ya hewa, ndiko seli za kinga hujazana. Moyo wa mbu mzima husukuma pande zote mbili, na seli hujibana kando ya matundu yake tumboni. Pupa, kwa upande wake, huufumua utumbo wa zamani na kuufungasha pamoja na bakteria wengi waliomo, ili mbu autupe akishatoka.

Halafu mbu anazeeka. Wa siku 5 ana seli chache za kinga zinazoelea kwenye damu kuliko wa siku 1, na uwezo wa kumzingira adui kwa melanini, rangi nyeusi ya mwilini, unafifia. Akinywa damu, seli zinaongezeka tena. Kumbuka kwamba vimelea vya malaria huchukua kama siku 10 hadi 14 kufika kwenye tezi za mate: anayetuambukiza ni kikongwe.

Lakini hesabu hizo zinanisumbua. Sisi wa maabara tunakata ncha ya tumbo la mbu, tunapitisha maji maalumu kutoka kifuani, tunahesabu seli zilizodondokea kwenye kioo. Zilizong'ang'ania ndani hazitoki. Zimepungua, au zimetulia mahali? Tena maambukizi yetu ya maabara huanza kwa sindano iliyotoboa ngozi, wakati bakteria wa dimbwini hupitia mdomoni.