Maji Yaje Mwisho: Usafi wa Nyumba Mpya Kabla ya Kuhamia

Kontrakta akikukabidhi funguo atakwambia nyumba imeshasafishwa. Mara nyingi maana yake ni kwamba vijana wa mjengo wamefagia, wakamwaga maji, wakapiga deki nyumba nzima kwa tambara moja. Sakafu ikiwa bado mbichi inang'aa na unafurahi. Ikikauka, tailsi zinavaa ukungu mweupe, na ukipitisha kidole juu ya fremu ya mlango kinatoka kijivu. Hapo ndipo simu yangu hulia. Kazi yangu ni usafi wa nyumba mpya hapa Nakuru, kuanzia Kiamunyi na Ngata hadi Lanet, na ugomvi wangu na watu wa mjengo ni mmoja tu: maji wanayaleta mapema mno.

Vumbi la mjengo si lile la barabarani. Ndani yake mna saruji, mchanga uliosagika, unga wa jipsam uliopigwa msasa, unga wa mbao wa fundi wa makabati, na ule wa tailsi zilizokatwa kwa mashine. Limwagie maji, linageuka uji. Uji huo unajipenyeza kwenye mistari ya grauti (ile saruji ya kujazia kati ya tailsi), kwenye reli za madirisha na nyuma ya milango, unakaukia humo humo, na kila ukipiga deki unautawanya upya. Saruji kavu iliyomwagika kwenye kona ya stoo ndiyo mbaya zaidi, maana ikipata maji inashika, na kuing'oa ni kazi ya patasi. Mchanga nao ukiburutwa chini ya tambara bichi unachora tailsi za kung'aa, na mchoro huo hakuna sabuni ya kuuondoa.

Kwa hivyo mwanzoni ndoo zinakaa nje. Tunaanzia juu: dari, taa, mapazia ya mbao kama yapo, juu ya makabati, fremu, swichi na soketi (umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu), kisha kuta, na sakafu mwisho kabisa. Droo zote zinatolewa nje. Fundi wa makabati akitoboa, unga unajaa nyuma ya droo, na usipoutoa sasa utakuwa unaupata kwenye sufuria mwaka mzima. Nikikuta fundi bado anatoboa, iwe ni tundu moja tu la kutundika kioo, nafunga mlango na kurudi siku nyingine. Kusafisha wakati mtu anakata tailsi bafuni ni kumla mteja pesa zake.

Watu husikia "kavu" wakadhani nimesema ufagio. Ufagio mkavu unalipeperusha vumbi juu kisha linashuka pale pale ulipotoka. Halafu kuna suala la mapafu. Mchanga, zege na tailsi zina madini yaitwayo silika, na chembe zake ndogo kabisa, zile ambazo jicho halizioni, huingia ndani ya mapafu zikabaki humo. Anayezivuta kwa miaka anaweza kupata silikosisi, ugonjwa wa mapafu usioponyeka. Wewe mwenye nyumba wa siku mbili usiwe na hofu hiyo, lakini wasichana na vijana ninaofanya nao kazi wako ndani ya nyumba mpya wiki baada ya wiki, kwa hiyo hakuna anayeingia bila barakoa ya N95. Leso ya kufunga puani haizuii kitu. Mwenye pumu asubiri nje.

Tunatumia mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio la kunasa hata vumbi laini. Ile ya kawaida ya zulia inafyonza mbele na kutemea nyuma. Kama huna mashine, chukua unga wa mbao, uloweshe kidogo tu, unyunyize sakafuni, kisha ufagie polepole kwa ufagio laini. Unga ule unashika vumbi njiani. Kwa kuta na fremu, tambara lililokamuliwa hadi halidondoki linatosha, mradi ulikunje na kugeuza upande mara kwa mara.

Na hapa kwetu upepo una neno lake. Januari hadi Machi, kabla ya mvua ndefu, udongo wetu wa majivu ya volkano unakuwa laini kama poda, na mitaa mipya mingi bado haina lami. Fungua madirisha asubuhi hewa ikiwa imetulia, maana nyumba inahitaji kutoa harufu ya rangi na vanishi. Upepo wa mchana ukianza, funga. Nimeona watu wakifuta vioo saa nane madirisha wazi, huku matatu inapita nje.

Sasa tailsi, ambazo ndizo chanzo cha mabishano. Ule ukungu mweupe ni mabaki ya grauti ambayo fundi hakuyapangusa vizuri yakiwa bado mabichi. Fundi mwenyewe ukimwonyesha atacheka: "Madamu, mwaga asidi tu, utaona." Ni kweli utaona. Asidi ya hidrokloriki inayeyusha saruji, na grauti ya kawaida nayo ni saruji, kwa hiyo mistari yako inaliwa pamoja na ukungu. Mvuke wake unatia kutu mifereji inayometa na sinki la chuma hata kama hukuvigusa. Ikifika kwenye teraso au marumaru, mng'ao umekwenda, na kuurudisha ni kumwita mtu wa mashine ya kusugua.

Kabla hujaweka kitu chochote kikali sakafuni, dondoshea siki tone moja kwenye kona isiyoonekana, ndani ya stoo kwa mfano, uiname uangalie. Likitoa mapovu madogo madogo, sakafu hiyo ina chokaa: asidi ya aina yoyote isiisogelee, hata ya ndimu. Futa mara moja. Lisipotoa mapovu, hasa kwenye tailsi za kauri, bado usikimbilie dawa. Muulize fundi grauti iliwekwa lini, mpe siku zake ikauke, kisha jaribu maji ya vuguvugu na sponji nyeupe ya kusugulia. Usitumie waya wa sufuria, unaacha michoro na vipande vinavyoota kutu. Mara nyingi ukungu unatoka hapo. Ukungu ukikataa kutoka, tumia siki iliyozimuliwa au dawa nyepesi ya tailsi, lakini lowesha sakafu kwa maji kwanza ili mistari inywe maji badala ya dawa. Fanya kipande kidogo, suuza, ndipo usogee. Maelezo ya muda wa kusubiri yako nyuma ya mfuko wa grauti, ule ambao huwa umeshachomwa kabla mwenye nyumba hajausoma.

Na jambo ambalo silitanii: dawa ya asidi na Jik havikutani kamwe, si kwenye ndoo, si kwenye choo. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na bafu jipya mara nyingi lina kidirisha kimoja kidogo.

Vioo tunavikwangua kwa wembe mpana wa mpini, kioo kikiwa kimelowa maji ya sabuni. Wembe uulaze, usiusimamishe, na usukume upande mmoja tu. Ukiurudisha nyuma unaburuta chembe iliyonaswa chini yake. Sikiliza: ukisikia mkwaruzo, simama, suuza, badilisha wembe. Matone ya saruji yawahi mapema kwa sababu ukali wake unakula kioo chenyewe na kuacha doa la ukungu lisilotoka. Kioo cha bafu chenye muhuri mdogo kwenye kona ni kile kilichopashwa moto kisha kikapozwa ghafla ili kiwe kigumu. Huwa na vijipunje usoni ambavyo wembe unaving'oa na kuchora navyo. Hicho ni kitambaa na subira.

Matone ya rangi ya maji yanalainika kwa maji moto na sabuni. Ya mafuta yanataka tapentaini kidogo kwenye kitambaa, mbali na swichi za plastiki.

Kabla hujaanza kumwaga maji popote, inua vifuniko vya mashimo ya maji bafuni na jikoni. Wale vijana huosha mwiko na ndoo za grauti hapo hapo. Vaa glavu, ingiza mkono, toa kilichomo: mchanga, vipande vya tailsi, mara nyingine mfuko mzima wa plastiki. Ukivisukuma kwa maji vinakwenda kushikana mbele kwenye bomba, na kufukua bomba lililo chini ya sakafu mpya ni msiba. Glavu si urembo. Saruji mbichi inaunguza ngozi taratibu, na unaigundua jioni.

Mifereji nayo ifungue vichujio vyake vya mdomoni kabla ya kuyaachia maji kwa nguvu, vinginevyo mchanga wa mabomba unakwama hapo na utadhani tanki halina presha. Tanki lenyewe lioshwe ndani. Fundi wa mabomba akilitoboa, mabaki ya plastiki yanadondokea humo na hayatoki yenyewe.

Kama nyumba inategemea kisima kilichochimbwa, na mitaa mipya mingi iko hivyo, usitegemee usafi wa tanki kumaliza habari ya maji ya kunywa. Maji ya chini ya ardhi ukanda huu wa Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na yakizidi hapo meno ya watoto wanaokua huota madoa ya kahawia. Jik haiiondoi, na kuchemsha hakuipunguzi. Peleka sampuli ikapimwe. Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi miaka mingi na vichujio vya mkaa wa mifupa vya kuondoa floridi, kwa hiyo suluhisho halijatoka mbali. Maji hayo hayo, yakikaukia kwenye kioo, huacha madoa meupe ya madini, ndiyo maana vioo navimalizia kwa kipangusio cha mpira, kisha kitambaa kikavu.

Kupiga deki ndiko mwisho: ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia tambara, maji yabadilishwe kila chumba. Halafu nyumba ifungwe siku mbili tatu. Vumbi lililokuwa hewani na lile la juu ya dari litashuka, nasi tunarudi kufuta mara ya pili, kazi nyepesi ya asubuhi moja ambayo huwa imo kwenye bei yangu tangu mwanzo. Mteja akiniomba niikate ili bei ishuke, humwambia basi magodoro na makochi yasiingie kabla hajaifanya mwenyewe, na mapazia yawe ya mwisho.