Mti wa asili: asili ya wapi?

Kwenye vitalu vingi vya miche neno "asili" lina maana tatu, na zote tatu zimekosea. Mche wa asili ni ule ambao haukubebeshwa, yaani haukuunganishwa na kikonyo cha mti mwingine. Au ni ule wa bei ya chini. Au ni mti ambao babu alikuwa nao shambani, kwa hiyo lazima uwe wetu. Ndivyo mwarobaini, mjohoro na hata mkaratusi inavyoingizwa kwenye orodha za "miti ya asili" za miradi ya shule, na ndivyo mtu anayetafuta mti wa asili wenye maua wa kupanda uani anavyorudi nyumbani na jakaranda.

Maana yenyewe ni fupi. Mti wa asili wa mahali fulani ni ule uliofika hapo bila kuletwa na binadamu, ukaota na kuzaliana wenyewe kwa vizazi vingi hadi ndege, wadudu na vijidudu vya udongo wa hapo wakazoeana nao. Basi. Umri wa mti, uzuri wake na dawa inayochemshwa kutoka magome yake havimo.

Kwa kipimo hicho mwarobaini ni wa Bara Hindi na jirani zake, mjohoro ni wa kusini-mashariki mwa Asia, mkaratusi na mgrivea ni ya Australia, jakaranda ni ya Amerika Kusini, mkrismasi ni wa Madagaska. Mkorosho ulitoka Brazili kwa merikebu za Wareno, na karne zote ulizokaa pwani hazijaufanya kuwa mti wa asili wa pwani. Mkwaju ni kinyume chake: unasingiziwa Uhindi hadi kwenye jina lake la kitaalamu, Tamarindus indica, ilhali ni wa Afrika.

Hadi hapo wengi huelewa. Kosa linalobaki ndilo kubwa zaidi: kudhani asili inafuata mpaka wa nchi. Mtu husikia mti fulani ni "wa asili ya Tanzania", akaona basi unafaa popote kuanzia Bukoba hadi Mtwara. Miti haikuhudhuria Mkutano wa Berlin. Chukua musizi, Maesopsis eminii, mti wa asili wa Kagera, Uganda na Kakamega. Ulipelekwa Amani, Usambara Mashariki, enzi za Wajerumani, na baadaye ukapandwa kwa wingi katika misitu iliyovunwa mbao. Hondohondo waliyapenda matunda yake wakazitawanya mbegu, na kila palipokuwa na pengo la mti uliokatwa, musizi ulikua haraka kuliko miti ya hapo. Leo unahesabiwa miongoni mwa miti vamizi ya msitu ule. Nchi ni moja na mti ni ule ule: Kagera mwenyeji, Amani mvamizi.

Kifabakazi, Spathodea campanulata, mwenye maua ya rangi nyekundu-machungwa yanayoonekana kutoka mbali, ni wa asili Uganda na magharibi mwa Kenya. Ukivuka bahari hadi Hawaii, Fiji au Queensland, ni balaa, na shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, IUCN, limeuweka kwenye orodha ya spishi 100 vamizi mbaya zaidi duniani. Kwa hiyo ukisema mti ni wa asili bila kutaja mahali, hujasema kitu.

Tena wa kigeni si lazima awe vamizi. Mwembe ni mgeni na hakuna anayeulalamikia. Mathenge, Prosopis juliflora, ni mgeni pia, ila huu ni vamizi, na wafugaji wa Baringo, Kenya, wanajua tofauti.

Ukitaka mti wa maua ambao kweli ni wa asili katika nyanda za juu, Machakos, Arusha au Iringa kwa mfano, panda mwamba-ngoma, Erythrina abyssinica. Unapatikana kuanzia Ethiopia hadi Zimbabwe, hutoa maua mekundu matawi yakiwa hayana jani, na ndege wanaoitwa chozi hawakauki hapo. Kwa ukanda wa pwani heri umtafute ndugu yake, Erythrina sacleuxii, badala ya kuulazimisha huu.

Mbegu za mwamba-ngoma ni nyekundu zenye doa jeusi, na ganda lake halipitishi maji. Ikwangue kwa msasa au mkasi wa kucha upande usio na doa mpaka weupe wa ndani uchungulie, kisha loweka usiku mmoja. Iliyovimba ipande sentimita 1 hadi 2 ndani ya kiriba. Isiyovimba ikwangue tena, maana ukiipanda hivyo itakaa tu udongoni. Mbegu hizi zina sumu. Ikimezwa nzima ganda huizuia, lakini ikitafunwa au kutobolewa ni hatari, kwa hiyo zisiachwe kwa watoto.

Njia ya mkato ni kipande cha tawi, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita 1.5 hadi 2, kilichokatwa kiangazi kabla ya kuchipua. Kilaze kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, ndipo ukichimbie sentimita 40 au 50 mvua zinapoanza. Kikipandwa kibichi kwenye udongo unaotuamisha maji huoza kuanzia chini. Na usishangilie majani ya mwanzo: tawi huchipua kwa akiba yake lenyewe hata kama halina mzizi hata mmoja. Subiri msimu wa pili.

Upe jua tupu na mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba na maegesho, kwa sababu matawi yake ni mepesi kuvunjika. Mbolea ya nitrojeni usihangaike nayo, mizizi yake hujitengenezea kwa msaada wa bakteria. Ukipukutisha majani haujafa, usiumwagie maji wala kuupogoa, maana maua hutokea nchani mwa matawi na panga litaondoka nayo.

Majani yakitoka vinundu, ni kazi ya nyigu mdogo sana, Quadrastichus erythrinae. Nyigu huyo alipofika Hawaii mwaka 2005 alikausha miti ya jamii hii kwa wingi, mpaka mwaka 2008 wakaachia adui yake, nyigu mwingine aliyechukuliwa Tanzania. Huku adui huyo yupo tayari. Ukipiga dawa utamuua yeye kwanza. Kata matawi yaliyozidiwa, uchome moto, uache.

Mwenye jakaranda uani asishike shoka, haina kosa lolote na kivuli chake ni kizuri. Ila kwenye orodha ya mradi ihamishiwe safu ya miti ya kigeni, na kando ya kila mti unaobaki safu ya asili liandikwe jina la wilaya, si la nchi.