Ulinzi wa mfumo wa sola ni nini?

Ulinzi wa mfumo wa sola ni vile vifaa vinavyokata umeme au kuupitisha njia nyingine kabla haujaunguza waya, betri au inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Ni fyuzi, breka, swichi ya kukatia, kinga ya radi na waya wa ethi. Mnunuzi huuliza wati za paneli na ukubwa wa betri. Bajeti ikibana, vifaa hivi ndivyo vinavyoachwa dukani. Kwangu huo ni ubahili wa hatari kuliko wote katika sola.

Paneli haizimwi. Maadamu kuna mwanga, inazalisha umeme, hata kama kontrola, yaani kifaa kinachosimamia kuchaji betri, imezimwa na hakuna taa inayowaka. Paneli ndogo ya wati 100 huwa na volti 21 au 22 ikiwa haijaunganishwa na chochote, na hizo si tishio kubwa kwa mtu. Lakini ukiunga mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata) paneli nane kubwa, kila moja ikiwa na volti zaidi ya 40, waya unaoshuka kutoka paani una zaidi ya volti 300. Hizo zinaua.

Tena umeme huo ni wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu. Umeme wa gridi, AC, hugeuza mwelekeo kila mara na hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo breka ikikata, cheche hupata nafasi ya kuzimika. DC haishuki. Cheche ikishaanza huendelea kuwaka kama ya mashine ya kuchomelea. Ndiyo maana breka ya kawaida ya nyumbani haifai kwenye waya wa paneli: siku itakapotakiwa kukata, inaweza kuwaka yenyewe. Nunua iliyoandikwa DC, yenye uwezo wa volti unaozidi jumla ya volti za paneli zako zilizoungwa mfululizo. Baadhi zina alama za + na −. Zikifungwa kinyume, zinashindwa kuzima cheche.

Sasa fyuzi. Geuza paneli usome kibandiko cha nyuma. Utaona Isc, yaani ampea zinazopita paneli ikipigwa shoti, ambazo kwa paneli ya wati 100 ni kama 6. Utaona pia kiwango cha juu cha fyuzi, mara nyingi 10 au 15. Chukua paneli nne za aina hiyo zilizoungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Moja ikipata shoti, tatu nzima zinaisukumia ampea 18, kupita kiwango chake. Paneli inapata moto, na waya wake pia. Kwa hiyo matawi, yaani paneli au misururu ya paneli iliyoungwa sambamba, yakifika matatu au zaidi, kila tawi liwe na fyuzi yake. Paneli moja peke yake haihitaji fyuzi hiyo, kwa sababu hata ikipigwa shoti haitoi ampea nyingi zaidi ya zile za kazi ya kila siku.

Betri ni habari nyingine kabisa. Spana ikiangukia vichwa viwili vya betri kubwa, ampea zinazopita ni mamia, hata maelfu, na chuma kinageuka chekundu. Fyuzi kuu ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na kichwa cha betri, kwani kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakilindwi na chochote. Inveta ikitoa wati 1,000 kutoka betri ya volti 12 huvuta zaidi ya ampea 83. Waya mwembamba wa taa hauwezi kazi hiyo. Fyuzi huchaguliwa kwa unene wa waya. Ikikatika, usiweke kubwa zaidi wala usifunge kipande cha waya mahali pake. Tafuta shoti iko wapi.

Kando ya Ziwa Victoria, Kisii na milima ya mashariki mwa Kongo, radi ni nyingi mno. Fremu za paneli zifungwe waya wa ethi unaofika kwenye fimbo iliyozamishwa ardhini, na kinga ya radi iwekwe kabla ya kontrola kwa waya mfupi iwezekanavyo. Nyingi zina kidirisha cha kijani; kikigeuka chekundu, kinga imekufa na ibadilishwe.

Matunzo ya kawaida hayana mambo mengi. Osha vumbi na kinyesi cha ndege asubuhi na mapema, kwa maji na kitambaa laini. Maji baridi kwenye kioo chenye moto wa saa saba mchana yanaweza kukipasua. Punguza tawi la mwembe linaloanza kutia kivuli. Pwani, chumvi hula nati na konekta (viungio vya waya za paneli), kwa hiyo kagua kutu mara kwa mara. Kaza nati za betri, kwani kiungo kilicholegea hupata moto bila kukata fyuzi yoyote. Betri ya maji iongezwe maji safi ya betri yasiyo na asidi, si ya bombani.

Kabla ya kufungua chochote, kata paneli kwanza kwa swichi ya DC, kisha betri. Ukirudisha, betri itangulie, ili kontrola itambue volti zake kabla ya kupokea umeme wa jua. Konekta za paneli usizichomoe wakati umeme unapita.