Kigunduzi cha kuhesabu fotoni ni nini?

Ndani ya mashine ya CT scan kuna kigunduzi, yaani sehemu inayopokea eksirei zikishapenya mwilini. Kigunduzi cha kuhesabu fotoni, yaani chembe moja moja za eksirei, ndicho kizazi chake kipya. Mashine ya kwanza kukitumia hospitalini, NAEOTOM Alpha ya Siemens Healthineers, iliruhusiwa Marekani Septemba 2021.

Katika kigunduzi cha kawaida, eksirei hugonga kwanza madini yanayotoa mwanga, kisha mwanga huo hugeuzwa kuwa umeme. Mwanga hutawanyika, kwa hiyo kila kijumba cha kupokelea huzungushiwa kuta za kuuzuia. Kuta hizo hazipokei kitu: miale iliyompitia mgonjwa ikaangukia hapo imepotea bure. Ukitaka kuona vitu vidogo zaidi lazima upunguze ukubwa wa vijumba, na kadiri unavyovipunguza ndivyo kuta zinavyokula nafasi.

Kigunduzi kipya ni fuwele ya kadmiamu teluraidi. Fotoni ikitua humo huzaa chaji ya umeme papo hapo, na volteji kubwa huivuta chaji hiyo hadi kwenye elektrodi, yaani kipande kinachopokea umeme, iliyo chini yake. Mwanga haumo tena, na kuta hazihitajiki. Kila fotoni hutoa mpigo wake, na kimo cha mpigo hueleza nishati yake. Zamani ilikuwa kupima tenga zima la samaki kwenye mizani. Sasa wanahesabiwa mmoja mmoja, changu akijulikana na dagaa akijulikana. Mipigo midogo mno, ambayo ni kelele za umeme tu, haihesabiwi.

Kwa maoni yangu, hakuna mahali faida hii inapoonekana wazi kama sikioni. Kikuku, mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kina kimo cha milimita 3 hivi, na miguu yake ni myembamba mno. Picha za vipande vya mwili vyenye unene wa milimita 0.2 huionyesha miguu hiyo vizuri. Shingoni, kujua nishati husaidia kutenganisha iodini ya dawa ya kung'arisha mishipa na chokaa iliyoganda ukutani mwa mshipa. Michirizi inayoletwa na meno yaliyozibwa kwa chuma nayo hupungua, ingawa haiishi.

Dosari zipo. Fotoni zikimiminika kwa kasi, mipigo miwili hupandana ikahesabiwa mmoja. Fotoni ikitua mpakani mwa vijumba, chaji yake hugawanyika. Bei nayo si ya mchezo, na kumtazama majeruhi wa pikipiki kama anavuja damu kichwani, CT scan ya kawaida inatosha.