Kupima hewa Tanga: dhana potofu na ukweli

Dhana: Penye vumbi ndipo penye hewa chafu.

Vumbi linalotimka nyuma ya lori la mawe barabara ya Pongwe ni chembe kubwa. Linakera, linaamsha pumu na linachafua nguo kwenye kamba, lakini sehemu kubwa yake hunaswa puani na kooni. Zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni chembe zenye kipenyo cha maikromita 2.5 au chini ya hapo (PM2.5). Unywele una takriban maikromita 70. Chembe hizi hutokana zaidi na vitu vinavyoungua: kuni, dizeli, na lile rundo la majani na plastiki linaloachwa likifuka uani tangu jioni. Uani huo hauna vumbi hata kidogo, na bado kipimo kinaweza kuwa juu kuliko kando ya barabara.

Dhana: Kifaa kimoja kinapima vyote.

Vihisi vya bei nafuu kama SDS011 na PMS5003 hufanya kazi hivi: feni ndogo huvuta hewa, hewa hupita mbele ya leza, na mwanga unaotawanywa na chembe ndio unaogeuzwa kuwa namba. Feni hiyo ni dhaifu. Chembe kubwa hudondoka njiani kabla ya kufika kwenye leza, hivyo PM2.5 inaaminika kiasi, ila PM10 (chembe za hadi maikromita 10) kwa sehemu kubwa ni makisio. Mtu wa Maweni anayelalamikia vumbi la chokaa asikubali kuambiwa "mbona kifaa kinasoma kidogo".

Vumbi linalotua hupimwa kwa ndoo. Chukua yenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 20, tia maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake (yale ya betri), iweke kwenye nguzo mita 2 juu ya ardhi, mbali na miti, kwa siku 30. Ongeza maji yasikauke. Toa majani na wadudu, chuja kwa karatasi ya chujio iliyopimwa uzito ikiwa kavu, kausha, pima tena kwenye mizani ya maabara ya shule. Mdomo huo una eneo la mita za mraba 0.0314. Tofauti ya uzito ikiwa gramu 0.3, gawa kwa 0.0314 kisha kwa 30: ni kama miligramu 318 kwa mita ya mraba kwa siku. Kinyesi cha kunguru kikiingia, anza upya.

Dhana: Namba ikipanda alfajiri, ni moshi tu.

Hapa ndipo wengi huangukia. Alfajiri ya pwani unyevunyevu wa hewa mara nyingi huvuka asilimia 85. Chembe za chumvi na moshi hunywa maji na kuvimba, na leza huhesabu uvimbe wote kama uchafu. Mitambo ya maabara hukausha hewa kwanza. Kifaa chako hakikaushi. Weka kihisi cha unyevunyevu, mfano BME280, kwenye kasha moja na kifaa chako, uchore mistari miwili kwenye grafu moja. PM2.5 ikipanda polepole tangu saa 6 usiku na kushuka jua likichomoza, sambamba na unyevunyevu, shuku maji kwanza. Ikiruka ghafla saa 12 jioni majiko yanapowashwa, ikashuka saa 3 usiku, huo ni moshi.

Angalia na saa yenyewe. Mafaili mengi ya data huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma yetu. Saa 3 usiku ya Tanga husomeka 18:00, na mtu akisoma haraka anadhani ni saa 12 jioni.

Dhana: Upepo wa bahari unasafisha kila kitu.

Mchana, kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Usiku upepo hugeuka ukatoka bara, tena dhaifu, na moshi wa mtaa wa Ngamiani hubaki Ngamiani.

Dhana: Kifunge popote penye umeme.

Mita 2 hadi 4 juu, hewa ikipita huru, mbali na jiko, choma-choma na bomba la jenereta. Elbo mbili za PVC za milimita 75, midomo ikitazama chini, zinatosha kuwa kasha. Ziba midomo kwa kipande cha chandarua. Buibui na mijusi hupenda joto la ndani, na utando mmoja mbele ya leza hutoa namba za ajabu. Paka viungio vya waya rangi ya kucha, maana chumvi huvila. SDS011 ina umri wa saa 8,000 hivi ikiwa imewashwa, chini ya mwaka. Iamshe nusu dakika tu kila dakika 5.

Kabla ya kuvigawa mitaani, viweke vifaa vyote ukuta mmoja kwa wiki nzima na ulinganishe wastani wa kila saa. Bila hivyo, tofauti ya Makorora na Raskazone inaweza kuwa tofauti ya vihisi tu.

Dhana: 150 kwenye simu ni mikrogramu 150.

Programu nyingi huonyesha AQI (kielezo cha ubora wa hewa), ambayo ni daraja, si mikrogramu. AQI 150 ya Marekani ni mikrogramu 55 hivi za PM2.5 kwa mita ya ujazo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni 15 kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa mwaka.

Dhana: Mkaa ulioshika hauna moshi, ingiza chumbani.

Unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki, inaua. Kifaa cha vumbi hakiioni.

Dhana: Grafu yetu inatosha kumfungia mtu kiwanda.

Haitoshi. Viwango vya kisheria viko kwenye kanuni za ubora wa hewa za 2007, na vipimo vyake vina mitambo na taratibu zake. Grafu yako inafaa kumshawishi afisa mazingira wa Jiji au NEMC (baraza la taifa la mazingira) waje kupima. Peleka wastani wa saa 24, kwa siku zenye angalau saa 18 za data, pamoja na unyevunyevu, picha ya kifaa kilipofungwa, na tarehe umeme ulipokatika.